Wagonjwa wa Kimya

Bahasha ilifunguliwa Jumanne saa nne asubuhi mbele ya mashahidi wawili, na ndani yake mlikuwa na karatasi. Karatasi ya kweli, ya kushikwa mkononi, kwa kuwa Baraza la Ushahidi halikuamini mtambo wowote kutunza siri ile. Profesa Salha Mbaruku, mkuu wa utafiti wetu, aliikunjua, akavaa miwani, akaanza kunisomea namba za vitanda nami nikiingiza: moja, Dua. Mbili, Kimya. Tatu, Kimya. Nne, Dua. Alisoma kama mtu aliyetumwa sokoni na orodha ya vitu vya kununua, nami niliandika kwa moyo huohuo, mpaka tulipofika kumi na saba.

"Kumi na saba, Kimya," alisema. Akanitazama juu ya miwani. "Pole, Ambokile."

"Endelea tu, Profesa."

Kitanda cha kumi na saba kilikuwa cha dada yangu Tusekile, aliyefariki siku ya thelathini na tatu ya usingizi. Mpaka asubuhi ile sikujua alikuwa kundi gani. Sheria za utafiti zilinikataza kujua, na sheria hizo nilikuwa nimeziandika mwenyewe.

Saa tano ilipogonga, hesabu ilikuwa mezani. Wagonjwa tisini na sita wa homa ya ukungu walilazwa usingizi wa siku arobaini, kama tiba yake inavyotaka. Nusu yao, kundi la Dua, waliombewa kwa majina na sura, kila siku, na watu elfu mbili wa dini zote mkoani. Nusu nyingine, kundi la Kimya, hawakuombewa na mtu yeyote. Katika kundi la Dua walikufa kumi na mmoja. Katika kundi la Kimya walikufa watatu.

Mchungaji Lugano, shahidi aliyetumwa na madhehebu, aliniomba nirudie. Nikarudia. Shahidi wa pili, karani wa Baraza, aliandika namba zile mara mbili asije akakosea.

"Inaweza kuwa bahati tu?" Mchungaji aliuliza.

"Inaweza," nilisema. "Utafiti kama huu ukirudiwa mara mia, na dua ikawa haina kazi yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki ingejitokeza kama mara nne."

"Mara nne si haba."

"Baraza hufunga mambo ikiwa ni mara tano au chini yake," Profesa alisema. "Nne inatosha. Dua la kuku halimpati mwewe, Mchungaji, na safari hii kuku ndiye aliyeumia."

Mchungaji hakucheka. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya chini, na alijibu taratibu. "Mungu hapimwi kama dawa ya minyoo, Profesa."

"Mbona mlikubali apimwe mlipodhani mtashinda?"

"Tulikubali kwa sababu mlisema mtafunga vyumba vya dua hospitalini kama hatutakubali. Mtu aliyewekewa kisu hachagui mchezo."

Hapo wote wawili walikuwa na haki. Chini ya Sheria ya Ushahidi hakuna kitu kinachopewa chumba, saa wala mshahara katika jengo la umma mpaka kipimwe. Waganga wa mitishamba walipimwa, baadhi wakashinda na leo wana ofisi nzuri kuliko yangu. Walimu wa hesabu walipimwa. Sasa ilikuwa zamu ya dua, na ripoti yetu ilitakiwa Dodoma Ijumaa, ikiwa na sahihi ya mtakwimu. Bila sahihi yangu ilikuwa karatasi tu. Nikiisaini, vyumba vya dua mia nane nchini vingefungwa mwezi huohuo.

Mimi siamini. Niseme mapema, msomaji asije akanitafutia toba mbele ya safari. Nilizaliwa Tukuyu, nikabatizwa, nikafundishwa nyimbo zote, na nilipofika umri wa kufikiri nikaona mambo hayo hayana ushahidi, nikaacha. Sikuacha kwa hasira. Dada yangu Tusekile, aliyenilea baada ya wazazi wetu kufa, alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka ishirini tulibishana juu ya Mungu kila nilipokwenda kwake kula. Alikuwa anaukata ubishi kwa kunipakulia chakula. "Mungu si Athumani," alikuwa akisema, "hatanuna kwa sababu yako. Kula."

Alipougua homa ya ukungu ndiye aliyeniambia anaingia kwenye utafiti. Nilimkatalia. Akaniambia karatasi ya ridhaa inasainiwa na mgonjwa, haisainiwi na mdogo wake.

"Miaka ishirini unaniambia nilete ushahidi," alisema. "Basi mimi ndiye huo ushahidi. Nikiamka, utakuja kanisani Jumapili moja. Moja tu."

"Na usipoamka?"

Alifikiri, akakohoa, akafikiri tena. "Nisipoamka, usiseme umeshinda. Itakuwa vibaya kunishinda nikiwa sina mdomo."

*

Niliomba siku mbili za kukagua hesabu. Profesa alidhani ni huzuni, akanipa.

Haikuwa huzuni peke yake. Matokeo yale yalinikera kitaalamu. Kama dua ingekuwa dawa, kundi la Dua lingepona zaidi. Kama dua ni hewa, kama ninavyoamini, makundi mawili yangekaribiana. Lakini namba zilisema dua inaua, na hilo hata mimi siliamini. Hewa haichagui vitanda. Mtu asiyeamini alikuwa na sababu kubwa ya kuyakataa matokeo yale kuliko hata Mchungaji, ila nilikuwa peke yangu niliyeliona hilo.

Nikaanza na hereni. Kila mtu mzima siku hizi amevaa hereni ya nia. Ilibuniwa kwa ajili ya waliopooza ili mawazo yao yasomwe kama maneno, kisha ikaenea kwa watu wote kwa sababu inafungua milango na kulipa nauli. Hereni inajua tofauti ya kusema na kukusudia. Mtu akiomba kwa dhati na kumshika fulani moyoni, kitaa kidogo cha kijani huwaka, na jina la aliyeombewa huandikwa. Ndiyo maana utafiti huu uliwezekana katika zama zetu: kwa mara ya kwanza tuliweza kuwa na hakika kwamba mtu hajaombewa. Ndugu wa kundi la Kimya walikubali kuacha kumwombea mgonjwa wao kwa siku arobaini. Wanne walishindwa siku za majaribio, hereni zao zikawaka, na wagonjwa wao hawakuingizwa katika wale tisini na sita. Walioomba kwa jumla, "Mungu awaponye wagonjwa wote," tuliwahesabu kama mvua, inayonyeshea kila paa.

Hereni zilikuwa safi. Kundi la Kimya halikuombewa na yeyote.

Nikaingia kwenye vitanda. Kitanda cha Nyumba ya Usingizi, hospitali walikolazwa, ni muuguzi kamili: kinampima mgonjwa, kinamlisha kwa mrija, kinamgeuza kila baada ya saa mbili, na kuandika kila kitu. Hospitali nzima ina madaktari wawili na mhudumu mmoja wa kupiga deki. Nililinganisha dawa, joto, hewa, kugeuzwa. Sawasawa. Umri, sawa. Ukali wa ugonjwa siku ya kwanza, sawa.

Ikabaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekitazama, kwa kuwa nilikitupa mwenyewe.

Miaka sita nyuma, vitanda vilipowekwa, vilikuwa vinapiga kelele kila mgeni alipoegemea. Niliandika kichujio kidogo, mistari kumi na minne, kinachotambua mtikisiko usiotoka kwa mgonjwa wala kwa mtambo na kuufuta kwenye rekodi. Nilikiita "msukosuko wa nje". Vitanda havikuufuta kabisa. Viliuweka pembeni, mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda. Jumatano mchana nikaenda.

Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo, msukosuko ulipita kitanda hadi kitanda. Mapigo mepesi, mengi, yenye mpangilio, upande wa mgongo. Kisha mtikisiko miguuni. Kabla ya utafiti kila kitanda kilipata kama dakika moja na nusu. Siku ya pili ya utafiti mambo yalibadilika. Vitanda vya Kimya vikaanza kupata dakika tatu tatu. Vitanda vya Dua vikapata sifuri.

Nilivichora vitanda vyote katika picha, vilivyoguswa nikavipa rangi. Homa ya ukungu hujaza mapafu makohozi, na mtu aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa. Kitanda kinamgeuza, lakini hakimpigi mgongo. Mtu fulani alikuwa anawapiga mgongo.

Na mtu huyo alizijua siri za bahasha.

Nilihesabu tena kundi la Kimya, kitanda kwa kitanda. Arobaini na nane. Wawili kati ya waliokufa walikufa wiki ya kwanza, mmoja kwa kiharusi, mmoja kwa moyo. Wengine wote walikuwa wakipigwa mgongo kila asubuhi, dakika tatu, bila kukosa. Wote isipokuwa mmoja. Kitanda cha kumi na saba kiliguswa asubuhi ya kwanza, dakika moja na nusu. Baada ya hapo hakikuguswa tena hata siku moja.

*

Mhudumu aliitwa Subilaga Mwambene. Nilimkuta Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, wodi ya pili, ndoo na fagio la kupigia deki vimeegemezwa ukutani. Alikuwa amempindua mgonjwa ubavu, amekunja kiganja, anampigapiga mgongoni kutoka chini kwenda juu. Mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mikono mipana. Hakushtuka kuniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ngoja nimmalizie huyu, nikiacha katikati yanarudi chini."

Akammaliza. Akachota mafuta ya mgando kwenye kikopo, akamsugua miguu, akamfunika. Kisha akajifuta mikono kwa kanga aliyojifunga kiunoni na kunigeukia.

"Nani alikufundisha?" niliuliza.

"Mama yangu. Watoto wakibanwa kifua kule kwetu hakuna mtambo. Nimefanya hapa miaka saba, sijawahi kuambiwa niache."

"Hakuna aliyejua."

"Hakuna aliyeuliza."

Nilimwambia mimi ndiye mtakwimu wa utafiti. Nilimwonyesha picha ya vitanda kwenye kioo changu cha mkononi, vyenye rangi na visivyo na rangi. Aliitazama kwa makini, akiisogeza mbali na macho.

"Hii ni kazi yangu?"

"Ndiyo, mama. Nataka kujua nani alikupa orodha."

"Orodha gani?"

"Ya wasioombewa."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa shule. "Orodha ya nini, baba? Mimi nilikuwa napiga deki pale mlangoni siku ile ya kuwalaza. Ndugu wanaingia mmoja mmoja kuaga. Mgonjwa anaagwaje? 'Ugua pole, Mungu akuponye.' 'Haya dada, Mungu akusimamie.' Kila mtu anasema hivyo, Mkristo, Mwislamu, mlevi. Siku ile nikasikia wengine wanasema, 'Haya, tutaonana.' Wanafika kwenye jina la Mungu, wanalimeza. Baba mmoja alimeza mpaka machozi yakamtoka. Nikajua hao ndio mliowakataza."

Tulikuwa tumefunga bahasha kwa lakiri. Tulikuwa tumewaficha hata madaktari. Wataalamu kumi na wawili, wote wazaliwa wa nchi hii, wote tumewahi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka jinsi watu wetu wanavyoagana.

"Kwa hiyo ukaanza kuwahudumia hao peke yao."

"Nikasema hivi." Alikaa pembeni ya kitanda. "Mwili wangu umechoka, baba. Wote tisini na sita nilikuwa nawagusa juu juu tu, haraka haraka, kabla wakubwa hawajaingia. Nikasema wale wengine wana Mungu, wanaombewa na mkoa mzima. Hawa hawana mtu. Hawa wana mimi. Basi nikawapa hawa mikono yote."

Alisema bila kujisifu. Nilijikuta nampenda, na wakati huohuo nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba ilinibidi niiweke mikono mfukoni.

"Wamepona wangapi?" aliuliza. "Hawa wa kwangu."

"Arobaini na watano."

"Ndaga, Tata," alisema kwa Kinyakyusa, akimshukuru huyo anayemshukuru, na kitaa cha hereni yake kikawaka kijani. Kikazimika. "Na wale waliokuwa na Mungu?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kuamua, na sikuwa nimejiandaa. Ningeweza kusema sijui bado. Ningeweza kusema wamepona pia. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na namba ikishatoka Dodoma inasomwa redioni. Angeisikia akiwa jikoni kwake, peke yake, kutoka kwa mtu asiyemjua.

"Wamekufa kumi na mmoja, mama. Wengi wao kwa kifua."

Hakulia. Alitazama mikono yake, ndani, kisha nje.

"Mimi ndiye niliyewaacha," alisema.

"Uliwaacha kwa Mungu."

"Wewe unaamini, baba?"

"Hapana."

"Basi usinitetee kwa jina lake." Akahesabu kwa vidole. "Wa kwangu ni arobaini na watano, umesema. Nilikuwa nao arobaini na saba. Yule mzee wa wodi ya nne alikwenda kwa moyo, na yule binti kiharusi, wote wiki ya kwanza."

"Kundi la Kimya walikuwa arobaini na nane."

"Arobaini na saba. Nawajua kwa miguu yao."

"Na kitanda cha kumi na saba?" niliuliza. "Wodi ya kwanza, karibu na dirisha. Mama mnene kidogo, ana kovu kwenye nyusi."

"Yule?" Aliinua uso. "Yule hakuwa wa Kimya. Watoto wake wawili kweli walimeza, nikamhesabu kuwa wangu. Lakini akaja wa mwisho, kaka yake au mdogo wake, akamshika mkono akamwambia, 'Mungu akulinde, dada.' Nilisikia kwa masikio yangu. Nikasema, aa, huyu anaye. Nikamtoa."

Hapo akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza, usoni.

*

Ndiyo, nililisema.

Waliniingiza wa mwisho, nikiwa ndugu, sikuingia kama mtumishi wa utafiti. Kwa kuwa nilikuwa mtumishi, hakuna aliyeruhusiwa kuniambia dada yangu yuko kundi gani, na kwa kuwa siamini, hakuna aliyeona haja ya kunikataza kitu. Dawa ilikuwa imeanza kumshika. Alinishika mkono, akasema kwa ulimi mzito, "Niage kama mtu, Ambo. Usiniage kama mtambo." Nikajua anachotaka kusikia. Nikamwambia Mungu akulinde, dada, kama unavyompa mgonjwa kijiko cha sukari.

Aligeuza macho kwenye sikio langu, akacheka. "Hereni yako imelala," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Nyuma yangu, mlangoni, kulikuwa na mtu anapiga deki. Sikugeuka kumtazama.

Hereni haikuandika kitu kwa sababu sikukusudia kitu. Katika rekodi dada yangu alibaki mgonjwa safi wa Kimya. Lakini mama yule hakuwa anasoma hereni. Alikuwa anasikiliza maneno. Katika wagonjwa tisini na sita wa Nyumba ya Usingizi, wengine walipewa dua na wengine walipewa mikono. Mmoja tu hakupewa chochote, na aliyemnyang'anya ni mimi.

Sitapamba. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika.

*

Ijumaa asubuhi Profesa Salha aliisoma ripoti yangu yote akiwa amesimama.

"Una njia mbili," alisema. "Ya kwanza, toa ukurasa huu wa msukosuko. Utaratibu uliopitishwa unasema msukosuko unafutwa, umefutwa, matokeo ni halali. Ya pili, uache, na utafiti wote umeanguka. Lakini ukiuacha, fomu ya Baraza ina mahali hapa, soma: jina la aliyevunja siri ya makundi. Sheria haina huruma. Mhudumu huyo atafukuzwa, na ndugu za wale kumi na mmoja watamshtaki."

"Mchungaji anasemaje?"

"Nimempigia. Amefurahi kama mtoto. Anataka ukurasa ubaki na mama huyo atangazwe kwamba ndiye mkono wa Mungu." Akavua miwani. "Nilimuuliza, na wale kumi na mmoja, mkono wa nani ulikuwa umewaacha? Akasema atanipigia baadaye."

"Kila mtu anataka nusu ya ukurasa," nilisema.

"Na wewe unataka nini, Ambokile? Una haki ya kumchukia mama yule. Mimi ningemchukia."

Nilikuwa nimelijaribu hilo usiku kucha, halikushika. Nilichukua kalamu, nikaivuta fomu. Mahali pa jina nikaandika langu.

Profesa alilisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza. "Huo ni uongo."

"Ni hesabu. Aliyesahau jinsi watu wanavyoaga ni mimi, mimi ndiye niliyeandika utaratibu. Kichujio kilichoificha mikono yake miaka sita ni changu. Mama alikuwa anafanya kazi ambayo hakuna aliyemkataza, akifuata maneno aliyoyasikia. Na maneno ya kitanda cha kumi na saba yalikuwa yangu."

"Unamficha."

"Simfichi. Yumo ukurasa wa tisa. Nimeandika 'mikono ya binadamu, dakika tatu kila asubuhi, imeonekana kupunguza vifo, ipimwe.' Wakitaka kuipima, watakuja kumuuliza inafanywaje."

"Watakufukuza kazi."

"Najua."

Alikaa kitini taratibu. Alikuwa mwanamke mgumu, lakini hakuwa mbaya. "Baraza litauliza swali lao lilelile. Dua inafanya kazi au haifanyi? Mungu yupo, hayupo? Tumekula bajeti ya miaka miwili."

"Dua na mikono vimechanganyika, kilipokuwapo kimoja hakikuwapo kingine. Haviwezi kutenganishwa tena. Mtu pekee aliyekosa vyote ni mmoja, na mmoja si ushahidi." Nilitia sahihi. "Andika: haijulikani."

"Haijulikani," alirudia, akaandika.

Nilitoka na kikombe changu cha chai na koti langu, vitu vyangu vyote ofisini vilikuwa hivyo. Nilipopita wodi ya kwanza, Subilaga alikuwamo, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amerudi kwenye mtindo wa zamani, kitanda baada ya kitanda bila kuruka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Wagonjwa walikuwa wapya, wote tisini na sita, wa jana na juzi.

Sikumwambia lolote kuhusu fomu. Nilivua saa, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikamwomba nusu ya vitanda.

Hakuuliza kwa nini. "Kunja kiganja," alisema, "kama unachota maji. Ukinyoosha unamchapa. Anzia chini, panda nayo juu. Usikilize, kuna mahali sauti inabadilika, hapo ndipo."

Kwenye kitanda cha kumi na saba alilala kijana dereva wa lori, mabega mapana, chale shavuni. Nilimpindua ubavu kama nilivyoonyeshwa. Nilimpiga dakika tatu, nikitazama saa ukutani, na katika dakika ya tatu sauti ilibadilika chini ya kiganja changu, maji yakatoka kinywani mwake kwenye kitambaa. Nikamfuta. Nikamsugua miguu.

Tulipomaliza vitanda vyote ilikuwa karibu saa saba. Subilaga aliwapitia wa upande wake akiwaaga mmoja mmoja, Mungu akuponye, Mungu akusimamie, na kitaa chake kikawa kinawaka na kuzimika kitanda hadi kitanda. Mimi nilisimama kwenye kitanda cha kumi na saba. Mdomo ulifunguka wenyewe kwa mazoea, nikaufunga.

"Haya, ndugu yangu," nilimwambia. "Tutaonana."

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nilikuwa pale.